Futi Isiyoombwa

Kila siku akitoka shule, Kiherehere alivua sare, akaosha vyombo, akamchotea mama yake maji, ndipo akakimbilia uani kwenye reli yake. Jina hilo la Kiherehere alibandikwa na mama, kwa sababu mkono wa binti huyu ulifika kwenye jambo kabla ya akili.

Reli yenyewe haikuwa ya mzaha. Baba yake mdogo, fundi wa mashine za kusaga nafaka, alimletea kichwa cha treni cha betri, kikubwa kama paka aliyeshiba. Alimletea pia vyuma vya reli na gunia la mataruma, yaani vile vipande vya mbao ambavyo reli hupigiliwa juu yavyo.

"Kati ya chuma na chuma iwe sentimita nne na nusu," alimwambia. "Isizidi, isipungue. Nikirudi Jumamosi nikaikuta inazunguka ua mzima, treni ni yako. Nikiikuta imelala ubavu, nitawapelekea watoto wa rafiki yangu. Wao wana subira."

Kiherehere alijenga nusu ya duara kwa rula yake ya shule, ikatoka vizuri. Kisha akarudi nyuma kuitazama kazi yake, akaikanyaga rula. Ikavunjika vipande vitatu.

Mama yake alikuwa mshonaji, na futi yake ya kupimia nguo ilining'inia kwenye shingo ya cherehani. Mama mwenyewe alikuwa ametoka kwenda kununua nyuzi. Kiherehere hakungoja. Aliichukua futi, akapima, akapigilia misumari hadi duara likakamilika.

Alipowasha treni, ilikwenda vizuri kutoka mlangoni hadi kwenye jiwe la kufulia. Ilipolipita tu jiwe, gurudumu likapanda juu ya chuma na treni ikapinduka. Akaisimamisha. Ikapinduka. Akafagia mchanga, akapaka magurudumu mafuta ya kupikia, akamfukuza kuku asiye na hatia. Ikapinduka palepale.

"Treni yako ina usingizi?" aliuliza Domo, binti wa jirani, aliyekuwa amekaa juu ya ndoo akitafuna muwa. "Kila ikifika pale inajilaza."

"Nyamaza, Domo!"

"Nimenyamaza. Mbona bado inaanguka?"

Wakati huohuo sauti ya mama, aliyekuwa amesharudi, ilitoka ndani. "Futi yangu iko wapi? Nyumba hii ina panya wanaovaa viatu! Kiherehere, umeiona futi yangu?"

Futi ilikuwa imejikunja mfukoni mwake. "Sijaiona, Mama."

Mama alipekua kapu la vitambaa, akainua magodoro, akatazama hata ndani ya sufuria. Mwishowe, kwa hasira, alipima kwa kamba gauni la mteja wake, mwalimu wa kwaya.

Kesho yake, Ijumaa, Kiherehere aling'oa misumari yote ya upande ule mbaya. Akapima upya kwa futi ileile, taruma baada ya taruma, ulimi ukiwa umemtoka pembeni mwa mdomo. Nne na nusu. Nne na nusu. Akawasha treni. Ikapinduka, na safari hii gurudumu moja likalegea.

Kiherehere aliketi chini akapiga ardhi kwa ngumi. Ikianguka tena, gurudumu lingechomoka, na Jumamosi ilikuwa kesho.

"Si umuulize mama yako?" alisema Domo. "Yeye kutwa anapima."

Hapo ndipo penye kisirani. Angemuulizaje habari za kipimo bila kuitoa futi mfukoni?

Aliinuka, akaisimamisha treni iliyolala ubavu. Kisha akaingia ndani. Mama alikuwa anafumua mkono wa gauni huku amebana pini kwa midomo. Kiherehere aliweka futi juu ya cherehani.

"Niliichukua mimi, Mama. Nikakudanganya. Nisamehe."

Mama alizitema pini kiganjani. "Wewe! Nimegeuza nyumba juu chini! Mkono wa gauni umetoka mfupi, na mwenyewe ni mtu wa kwaya, anainua mikono kutwa! Na futi umeifanyia nini?"

"Nimepimia reli, lakini treni inaanguka."

"Ulianza kupima wapi?"

"Kwenye ncha, Mama. Mwanzo ni wapi tena?"

Mama alijipiga paji la uso. "Ncha hiyo iliungua na pasi, mtoto wee! Tazama, imekatika. Mimi huanzia kwenye kumi, halafu naondoa kumi. Reli yako umeibana."

Kiherehere aligeuka kukimbilia uani, lakini mama alimdaka ukosi. "Kwanza mkono wa gauni. Treni itasubiri, haina abiria."

Walifumua pamoja. Kisha mama akamshikia futi, wakapima kuanzia kumi hadi kumi na nne na nusu, wakakata kibao cha upana huohuo. Kiherehere aling'oa misumari tena, akakipachika kibao kati ya vyuma kila alipopigilia msumari, na akakaza lile gurudumu.

Jumamosi baba mdogo alifika na vumbi la unga kwenye kope. Treni ilianzia mlangoni, ikalifikia jiwe la kufulia, na Domo, juu ya ndoo ileile, akaacha kutafuna. Ikapita. Ikazunguka ua mzima, ikarudi mlangoni.

"Ulipimia nini?" aliuliza baba mdogo.

"Futi ya Mama."

"Uliomba?"

Kiherehere alimtazama mama yake. "Mara ya pili, ndiyo."

Baba mdogo alicheka, lakini mama hakucheka. "Sikia, mwanangu," alisema. "Chombo ukikichukua kwa kificho, unachukua chombo peke yake. Ukikiomba, mwenyewe anakupa na ujuzi wake. Na ukidanganya, unajifungia mlango wa kuuliza. Siku mbili ulipigilia misumari bure, si kwa uvivu, bali kwa uongo wa neno moja."

"Nimesikia, Mama."

"Vizuri. Sasa treni ni yako." Mama aliikunja futi, akaivaa shingoni, kisha akageuka polepole. "Na ndoo yangu ya kufulia, nani ameikalia?"