Majibu ya Kinyozi

Kila asubuhi, kabla jirani hajafungua dirisha, Chiriku alikuwa ameshaongea maneno ya kutosha siku nzima. Aliongea akipiga mswaki, akifunga kamba za viatu, na hata akiwa na mkate mdomoni. Jina hilo la utani alipewa na bibi yake, na hakuna aliyelipinga.

Lakini siku ya mtihani, chiriku huyo aligeuka bubu. Karatasi ikiwekwa tu mezani, tumbo lilimsokota, mikono ikalowa jasho, na yote aliyoyasoma yakayeyuka. Alikuwa amekwisha kurudia darasa mara moja. Sasa mwalimu aliwaita wazazi, akawaambia kwamba akishindwa tena atarudia tena. Ingefaa apimwe na mwanasaikolojia, ijulikane anasumbuliwa na nini.

Mama, ambaye alikuwa fundi cherehani, alikwenda kuuliza bei kwenye kliniki moja. Alirudi ameshika kichwa. "Nikiuza cherehani," alisema, "watatupimia nusu ya akili." Mwalimu aliposikia alicheka, kisha akamwelekeza kwenye kituo cha jamii nyuma ya maktaba. Pale watu hulipa kadiri ya uwezo wao, na asiye nacho hafukuzwi.

Baba, fundi bomba, alifurahi, halafu akaingiwa na wasiwasi. "Kupimwa si ni mtihani?" alisema. "Na mtihani hauendewi mikono mitupu." Basi akaenda kwa kinyozi wa mtaani, aliyewahi kuhudumiwa kituoni hapo baada ya kufiwa. Kinyozi, bila hiyana, akamtajia maswali yote aliyoyakumbuka. Jioni hiyo familia ikakaa kutunga majibu.

"Unalala vizuri?" Baba aliuliza kwa sauti ya kidaktari.

"Usiku kucha, wala siweweseki."

"Kuna kitu unachokiogopa?"

"Hakuna, namshukuru Mungu."

"Nyumbani mnaishije?"

"Kwa amani na upendo."

"Na ukiulizwa kama tunagombana," Mama aliongeza, "kohoa."

Chiriku aliyakariri kwa mpangilio mpaka akaweza kuyasema huku akiruka kamba.

Chumba cha mwanasaikolojia kilikuwa kidogo, na feni yake ilikwaruza. Mwenyewe alikuwa mama wa makamo aliyevaa ndala, na Baba alizitazama ndala hizo kwa mashaka makubwa. Mwanasaikolojia akamgeukia Chiriku. "Haya, mwanangu, mmekuja kwa miguu au kwa gari?"

Chiriku akayapekua majibu yake kichwani. Hilo kinyozi hakulitaja!

"Usiku kucha, wala siweweseki," alijibu.

"Ala! Na unapenda somo gani?"

"Hakuna, namshukuru Mungu."

Baba akaanza kumkonyeza. Mwanasaikolojia akamwona. "Baba, umeingiwa na kitu jichoni? Hebu niambie wewe, unalalaje siku hizi?"

Baba alishtuka kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. "Usiku kucha, wala siweweseki!"

"Mwongo!" Mama alidakia. "Huyu hajalala tangu mwalimu atuite. Anazunguka sebuleni akitafuta funguo ambazo hazijapotea!"

Mwanasaikolojia alicheka mpaka akavua miwani. Alipotulia, alisema kwa upole, "Majibu yenu ni mazuri mno. Nikiyaamini, nitasema mtoto huyu hana tatizo, naye atarudi kwenye chumba cha mtihani vilevile alivyotoka. Mwanangu, hapa hakuna kufaulu wala kufeli. Nataka kujua tu wewe mwenyewe unajisikiaje."

Chiriku akasema kwa sauti ndogo ambayo wazazi wake hawakuwahi kuisikia, "Naogopa. Nikiona karatasi nakumbuka wenzangu walivyonicheka nilipobaki nyuma. Nawaza mtaona aibu kwa sababu yangu. Halafu sioni tena maandishi." Machozi yakamtoka. Mama naye akaangua kilio, akamkumbatia.

Siku hiyo kazi ikaanza kwa kweli. Mwanasaikolojia alimpima kwa michezo, mafumbo na mazungumzo, akaona akili yake ni nzima. Kilichomlemea ni hofu. Akawa anakwenda kila wiki, akafundishwa kuvuta pumzi taratibu na kuanza na swali analolimudu. Mwalimu akampa majaribio mafupi yasiyo na alama. Wazazi nao walikatazwa kumpokea mlangoni kwa swali la "Umepata ngapi?" Baba aliteseka sana. "Umepata..." alianza siku moja, Mama akamkazia macho. "Umepata njaa?" akamalizia.

Mtihani wa mwisho wa mwaka ulipofika, tumbo lilimsokota kama kawaida. Chiriku akavuta pumzi, akatafuta swali analoliweza, akaandika. Alivuka darasa akiwa katikati ya orodha, lakini Baba alitangaza mtaa mzima kana kwamba binti yake ameshika namba ya kwanza.

"Baba," Chiriku alimuuliza walipokuwa wakila, "kwa nini mlinifundisha yale majibu?"

Baba aliweka kijiko chini. "Tuliona aibu, mwanangu. Tulidhani ukisema unaogopa, watu watasema tumeshindwa kulea. Nusura aibu yetu ikukoseshe msaada. Mficha uchi hazai. Ukiwa na jambo linalokusumbua, liseme kama lilivyo, kwa mtu anayeweza kukusaidia."

"Hata likiwa dogo?"

"Hata likiwa dogo."

"Basi, Baba, ukija kunichukua shuleni, unaimba. Watu wote wanageuka."

Baba alimtazama Mama amtetee. Mama akajishughulisha na sahani yake. Baba akashika tena kijiko chake.

"Ahsante kwa kuniambia ukweli, mwanangu," alisema. "Wimbo utakuwa unaishia kwenye kona ya shule."