Waya Wenye Uzi Mwekundu

Kila siku, baada ya kengele ya mwisho ya shule, Sindano alipita nyumbani, akabadili sare, akanawa uso, kisha akaelekea kwenye karakana iliyo nyuma ya hospitali. Jina hilo alipewa na marehemu mama yake, kwa kuwa alikuwa mwembamba na macho yake hayakupitwa na kitu. Mama huyo alikuwa fundi wa karakana ile. Kazi yake ilikuwa kutengeneza nyaya za vile vifaa vinavyobandikwa kifuani mwa wagonjwa ili mapigo ya moyo yaonekane kwenye kioo. Kila waya alioutengeneza aliufunga uzi mwekundu karibu na plagi, na wauguzi walipouona uzi huo hawakuuliza swali jingine.

Kabla ya mvua za mwaka ule kuanza, fundi huyo aliugua, akalala, asiinuke tena. Nyaya ziliendelea kuletwa kutoka wodini, zimetatana kama nywele zisizoona chanuo. Hakupatikana mtu mwenye subira ya kuzifumua. Ndipo mama mdogo wa Sindano, aliyekuwa mhandisi, alipoleta mkono wa roboti: mkono wa chuma wenye vidole viwili, na kamera juu yake kama jicho.

"Jicho hili laona rangi tu," Mama Mdogo alimweleza Sindano na binamu yake, mtoto wa mjomba, ambaye kwa wingi wa maneno yake aliitwa Redio. "Halijui kwamba huu ni waya mmoja na ule ni mwingine. Sisi ndio walimu wake. Mtachora juu ya kila picha, kila waya kwa rangi yake, tangu mwanzo hadi mwisho. Zinapopishana, mtaweka alama: upi uko juu, upi uko chini. Msipoona vizuri, ulizeni. Msibahatishe, maana mashine haina namna ya kujua kwamba mwalimu wake amekosea."

"Shangazi, mkono huu ukishajua kufumua," alisema Redio, "niazime nikamfumulie dada nywele. Kelele zake zimenichosha."

"Uanze kufumua mdomo wako," alijibu Sindano, na wote wakacheka.

Basi wakafanya kazi vizuri, hadi siku moja Mama Mdogo aliposema, "Mkono ukiwa tayari Ijumaa, tutauanzisha na kikapu cha marehemu."

Sindano aliacha kuchora. Kikapu kile kilikuwa chini ya meza, kimefunikwa kwa aproni ya mama yake, tangu siku aliyotoka kazini asirudi. Mara nyingi, karakana ikiwa tupu, Sindano aliinua aproni ile na kunusa harufu yake, akagusa nyaya ambazo mama yake aliziacha. Sasa kikapu kitafunuliwa na chuma kisichomjua. Na chuma hicho kikifaulu, alifikiri, nani atakumbuka tena kwamba pengo la Mama halizibiki?

Hakumwambia mtu. Lakini tangu siku hiyo, kwenye picha zake, waya uliopita juu aliutia alama ya chini, na wa chini akautia ya juu. Aliyajua makutano yote kwa macho yake makali, akayageuza kwa makusudi.

Ijumaa ilipofika, mkuu wa karakana alikuja, pamoja na muuguzi mmoja aliyekuwa akingoja nyaya kwa hamu. Mama Mdogo akaondoa aproni. Jicho la kamera likatazama rundo lile, na vidole vya chuma vikashuka polepole, vikashika waya uliokuwa chini ya mwingine, vikavuta. Fundo likakaza. Mama Mdogo akakimbilia swichi, lakini alichelewa. Waya ulikatika kwenye plagi, ukabaki ukining'inia. Karibu na plagi palikuwa na uzi mwekundu.

Sindano akautambua mara moja. Ule ulikuwa waya wa mwisho ambao mama yake aliutengeneza.

"Nani alichora picha hizi?" aliuliza mkuu wa karakana.

Macho ya watu yakamwendea Redio.

"Si mimi, Shangazi! Haki ya Mungu, zangu nilizikagua!"

"Mdomo haupumziki, mikono itatulia wapi?" mkuu akasema. "Kijana, kuanzia kesho usije hapa."

Redio akamtazama binamu yake, kana kwamba angoja neno. Sindano akainamisha kichwa. Redio akaokota mkoba wake, akatoka bila kusema kitu, naye hakuwahi kuonekana akitoka mahali kimya kimya.

Jumatatu, darasani, mwalimu alimwuliza Redio kama anaumwa, kwa kuwa hakuzungumza tangu asubuhi. "Hapana, mwalimu," alijibu, akageukia dirisha. Kumwona vile kulimwuma Sindano kuliko kuchapwa.

Jioni alimkuta Mama Mdogo amekaa peke yake, waya uliokatika upo mapajani mwake.

"Mama Mdogo, ni mimi. Niligeuza alama. Redio hana kosa."

"Uligeuza? Kwa nini, mwanangu?"

"Nilidhani mashine ikiweza, watamsahau Mama." Akaanza kulia.

Mama Mdogo hakumpembeleza upesi. Machozi yake mwenyewe yalikuwa yakidondoka juu ya waya.

"Dada yangu alipolala wodini siku zile za mwisho," alisema hatimaye, "nilimwona akipapasa waya uliobandikwa kifuani mwake, hadi akaugusa uzi mwekundu. Akatabasamu, akaniambia, 'Huu hautanidanganya.' Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote. Wewe umeketi kwenye kiti chake, ukachora uongo."

Kesho yake Sindano alisimama mbele ya mkuu wa karakana na mbele ya Redio, akayasema yote bila kupunguza. Mkuu alimwomba Redio radhi. Redio akakwaruza sakafu kwa kiatu. "Ungeniambia tu," alisema. "Hata mimi namkumbuka marehemu Shangazi." Kisha akavuta kiti, wakaanza pamoja kurekebisha picha zote zilizoharibiwa.

Ilichukua majuma. Jicho la kamera lilipotazama tena kikapu, vidole vya chuma vilishika waya wa juu kabisa, vikauinua taratibu, ukatoka mzima. Ukafuata mwingine, na mwingine. Muuguzi alizipokea nyaya kwa mikono miwili, akaenda nazo haraka. Kikapu kikabaki kitupu. Sindano akakitazama kwa muda mrefu, maana hamkubaki humo chochote cha kugusa.

Waya uliokatika haukutengenezeka. Mama Mdogo akafungua uzi mwekundu, akamwekea Sindano kiganjani.

"Tunza," alisema. "Siku utakapotengeneza waya wako wa kwanza, utaufunga. Mwanangu, kumlilia mama yako si kosa. Lakini uongo haumhifadhi marehemu. Huharibu hata kile kidogo alichotuachia. Ukitaka akumbukwe, fanya kazi ambayo mgonjwa aweza kuiamini."

Sindano akafunga kiganja. Kisha akakunja aproni ya mama yake, akaiweka ndani ya kikapu.