Kibati cha Nanga

Mwanapili alikutwa nyuma ya mlango, mkono umeshika kitasa. Moshi ndio uliomuua, maana moto wenyewe haukumfikia sana. Mlango ule wa mvule ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na kufuli lilikuwa nje.

Inspekta Alfani alilitazama kufuli lile, tumbo likimkata. Ndivyo alivyoumbwa: kesi ngumu humtia njaa, kesi nyepesi humtia msokoto. Na hii ilikuwa nyepesi kupita kiasi, kila kitu kimeandaliwa mezani kama futari.

Paa la makuti lilikuwa limeanguka lote, kuta za mawe zimebaki zikifuka moshi. Tangu jana alasiri watu wa Tiwi walikuwa wakimwaga maji, na asubuhi hii ndipo polisi walipoweza kuingia.

"Nani aliyefunga kufuli hili?"

"Ni mimi."

Aliyejibu alikuwa Mzee Chande, mwenye nyumba. Tiwi nzima ilimjua kwa biashara yake ya mbata na Peugeot yake ya teksi. Alikuwa bado amevaa kanzu ya harusi, imejaa masizi mpaka kifuani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Kwa nini ulimfungia?"

"Aliniomba mwenyewe. Sisi sote twaenda harusini Diani, yeye yuko kwenye eda, haendi. Akaniambia, shemeji, nifungie, nisije nikagongewa mlango na mwanamume nisiyemjua. Nikamfungia." Akauinua mkono wake wa kulia, akautazama. "Kwa mkono huu, Inspekta. Mkono wangu huu!"

Marehemu Sefu, mumewe Mwanapili, alikuwa mdogo wake Chande, na hakuwa na miezi mitatu kaburini. Mjane wake alikuwa akimkalia eda humu humu, katika nyumba waliyoishi wote.

"Na mlango wa uani?"

"Huko ndiko paa lilikoangukia kwanza."

Koplo Tsuma, kijana wa Kinango asiyejua kunong'ona, alipaza sauti kutoka uani: "Afande! Udongo wa huku wanuka petroli!"

Watu waliguna. Mwenye petroli Tiwi ni nani, kama si mwenye gari? Alfani akakiona kibati kilichopigiliwa juu ya kizingiti, cheusi kwa moshi, chenye picha ya mti wa mkoko. Vibati kama hivyo makampuni ya bima huvibandika milangoni ili watu wajue nyumba ina kinga.

"Una bima, mzee?"

"Ninayo. Ya nyumba na ya gari, kwa Bima ya Mkoko. Zamani nilikuwa Nanga. Nilihama juzi juzi tu."

"Kwa nini ulihama?"

"Bei, mwanangu. Kwani mtu huhama kwa nini?"

Ya Rabi, mzee huyu alikuwa akijitia kitanzi mwenyewe, jibu baada ya jibu.

Wakati huo Volkswagen moja ikasimama barabarani. Akashuka Karisa, wakala wa Bima ya Nanga, kofia mkononi. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye ofisi Ukunda. Hapakuwa na harusi wala msiba Tiwi aliokosa. Alimshika Chande mabega.

"Pole, ndugu yangu. Pole sana. Nilikwambia, mkataa pema pabaya panamwita. Lakini mali hutafutwa. Mshukuru Mungu ni mali tu."

Ndipo akinamama walipoutoa mwili, wameufunika kwa kanga. Karisa akarudi nyuma hatua moja.

"Nani huyo?"

"Mwanapili," Chande alisema.

"Mwanapili? Lakini... si matanga mlishaanua?"

Karisa aliketi chini palepale, kwenye matope ya majivu, na suruali yake ya kitambaa kizuri. Watu walimhurumia. Kumbe ana moyo, walisema, wakala wa watu.

Alfani aliurudia mlango. Kwa kisu chake alikibandua kile kibati cha Mkoko. Chini yake mbao ilikuwa haijaungua, safi, ya manjano. Kando yake palikuwa na matundu manne ya misumari, na hapo mbao ilikuwa nyeusi sawasawa na kwingine, hata ndani ya matundu.

"Mzee, hapa palikuwa na nini?"

"Kibati cha Nanga. Sikukitoa nilipohama. Mlango wapendeza ukiwa na vibati viwili."

"Kiliondoka lini?"

"Hakijaondoka! Jana nilipokuwa nafunga, msumari wake mmoja ulikuwa umelegea. Nikaugongagonga kwa ufunguo."

Alfani aliyatazama tena yale matundu. Kama kibati kingekuwapo wakati wa moto, kingeikinga mbao yake kama mwenzake. Basi kiliondolewa baada ya Chande kwenda harusini na kabla ya moto. Lakini mchomaji gani anayesimama kwanza kung'oa kibati? Hakujua. Na kwa kuwa hakujua, ilimbidi ampandishe mzee wa watu kwenye Landrover, mbele ya maiti ambayo haijaoshwa.

Mrakibu Kalama, mkuu wa polisi wa wilaya, aliwangoja Kwale juu kilimani. Alikuwa hodari na hakuwa na muda. Tangu nchi ijitawale, alipenda kusema, wizi na moto havikupewa uhuru.

"Kahamisha bima. Kafunga kufuli. Petroli anayo. Shemeji yake kafa, na shemeji huyo alikuwa na haki yake katika nyumba. Wataka nini zaidi, Alfani? Malaika ashuke?"

"Afande, angekuwa anataka fidia tu, angengoja nyumba iwe tupu. Na angekuwa anataka kumuua, asingefunga kufuli mbele ya jirani zake wote."

"Watu wajinga wapo."

"Huyu si mjinga, afande."

"Kesho asubuhi namfikisha mahakamani kwa mauaji. Una leo."

Kwa mauaji ni kamba, hakuna jingine. Alfani alipita mbele ya selo akitoka. Mzee Chande alikuwa ameketi sakafuni, hakula, hakuomba wakili. Aliomba jambo moja tu: aruhusiwe kumzika shemeji yake. Alfani akateremka kilima kwa kasi iliyomtisha hata Tsuma.

Wakala wa Mkoko, Mangi, alikuwa kijana wa pikipiki, shati jeupe, maneno mengi.

"Niambie kwa nini watu wanakuja kwenu," Alfani alimwambia.

"Bei, Inspekta. Nanga wanaogopa makuti, nyumba ya makuti wanaitoza karibu maradufu. Sisi tunachukua nyumba na gari pamoja, tunapunguza. Tiwi na Diani wamehama karibu wote."

"Na huduma?"

Mangi alijikuna shingo. "Hapo ndipo wanapotusema. Gari la Chande lilipogonga ng'ombe kule Kombani, Nanga walimlipa wiki ile ile. Karisa alimletea hundi mpaka barazani, akanywa chai. Sisi hatujamlipa mtu yeyote huku. Si kwamba tunakataa! Hakuna aliyepatwa na janga. Hili ndilo la kwanza." Akameza mate. "Tiwi nzima inatutazama sasa, Inspekta. Tukichelewa kidogo, kwisha habari yetu."

Ghafla tumbo la Alfani likatulia kabisa.

"Mtachelewa?"

"Kama kachoma mwenyewe, hatulipi. Nihakikishie kwamba si yeye, nami kesho nalipa."

Ofisi ya Karisa ilikuwa chumba kimoja ubavuni mwa duka la fundi cherehani, Ukunda. Volkswagen ilikuwa imeegeshwa mlangoni. Alfani alimkonyeza Tsuma abaki nayo, akaingia peke yake. Karisa alikuwa ameketi gizani, madirisha hayakufunguliwa, suruali ile ile yenye majivu.

"Bwana Karisa, nisaidie. Nina kigari changu, na mama ana nyumba Msambweni. Nanga na Mkoko, niende wapi?"

Uso wa Karisa ulipata uhai kidogo. Kazi ni kazi.

"Kwa bei, sikufichi, Mkoko wako chini. Lakini bima si bei, Inspekta. Bima ni siku ya msiba. Siku hiyo ndipo utakapomjua aliyekuja na chai na aliyekuja na maswali. Mngoje Chande uone watakavyomzungusha."

"Wanasema kachoma mwenyewe."

"Nilijua watasema hivyo."

"Ulijua?"

Karisa alijipangusa majivu ya suruali.

"Jana harusini ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Nimeambiwa bwana harusi alipoingia, hukuonekana."

"Nilikwenda kumwona mteja mmoja. Wa Diani."

"Watu wa Diani wote walikuwa harusini, Bwana Karisa. Hata mbuzi wa Diani walikuwa harusini, kwenye sufuria. Mteja gani?"

Alfani akavuta kiti karibu.

"Asubuhi uliuliza kama matanga yalishaanuliwa. Ulikuwa na maana gani?"

"Nilikula pilau ya arobaini ya Sefu. Walinialika. Dua ikasomwa, tukala, tukaagana. Kwetu ukishakula chakula hicho, mambo yamekwisha, mjane anatoka, anaendelea na maisha yake."

"Arobaini ni dua ya marehemu. Mjane haimtoi ndani. Anakaa miezi minne na siku kumi, wala haendi harusini, hata iwe ya mwanawe. Tiwi hata mtoto anajua hilo. Aliyechoma nyumba ile alijua kuna harusi, akajua mji mtupu, akaliona kufuli, akasema hakuna mtu. Ni mtu wa nyumbani kabisa, Bwana Karisa. Ila eda haijui."

"Wako wengi wasioijua."

"Wako. Lakini wangapi wangesimama kung'oa kibati cha Nanga kwanza?"

Mlango ulisukumwa. Tsuma aliingia na gunia, akalikung'uta juu ya meza. Kikaanguka kibati kilichochakaa, chenye picha ya nanga, na misumari yake minne imepinda.

"Chini ya kiti cha gari, afande. Na debe tupu la petroli liko nyuma ya choo cha hapa."

Karisa alikishika kibati kile, akakifuta kwa kiganja.

"Hiki nilikipigilia mwenyewe. Nyumba ya kwanza niliyoipata Tiwi ni ile. Nisingeweza kukiacha kiungue."

"Au uliogopa watu waseme nyumba ya Nanga imeungua."

"Hilo pia." Akaanza kulia, bila sauti. "Wamenihama wote, Inspekta. Watu niliowazikia wazee wao! Ofisi kuu wameniambia mwezi ujao nifunge mlango. Miaka yote nawaambia tofauti iko kwenye huduma, nao wananijibu bei, bei, bei. Nikasema, iungue moja tu. Nyumba tupu. Waone wenyewe Mkoko watakavyomtupa Chande, kisha warudi kwangu. Hata Chande ningemsaidia kujenga. Wallahi, ningemsaidia."

"Usiniapie kwa kiapo changu. Ulisikia nini ulipowasha?"

"Inspekta..."

"Ulisikia nini?"

"Mlango ukigongwa." Alijifunika uso. "Nilikuwa nimeshafika kwenye gari. Nikajiambia ni boriti zinapasuka. Nikawasha injini ili nisisikie. Kisha nikajilazimisha kuamini. Leo asubuhi nilikuja nikiwa nimeshaamini kabisa. Miaka yote nimekula nao pilau, na sikuwahi kuuliza ndani wanawake wanakaaje!"

Alfani alikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilimfanya asimame upesi, maana mkono ulikuwa ukimwasha. Tsuma alitia pingu. Walipokuwa wakitoka, Karisa aligeuka.

"Mkoko... watalipa?"

"Kesho. Kwa kuwa umekiri, kijana hana tena sababu ya kungoja."

Kesho Tiwi nzima ingemwona Mangi akihesabu noti mbele ya nyumba iliyoungua, na hata wale wachache waliobaki Nanga wangehama. Karisa alijua hesabu hiyo kuliko mtu yeyote.

Jua lilikuwa likiteremka Alfani alipoifungua selo ya Kwale. Mzee Chande hakuuliza ni nani. Alikwisha kuambiwa na askari wa zamu, na jina lile lilimuuma kuliko selo. Alikunja kanzu yake yenye masizi, akajifuta macho.

"Tukifanya haraka tutawahi kuzika kabla ya magharibi," Alfani alisema. "Gari liko tayari."

"Ahsante, mwanangu." Mzee hakusogea. "Nikuulize neno moja. Aliita?"

Alfani alikitazama kizingiti cha selo. Kazini alisema kweli siku zote, na kweli ilikuwa imeandikwa tayari, imetiwa sahihi, iko mezani kwa Mrakibu.

"La, mzee. Moshi ulimwahi usingizini."

Mzee Chande alitikisa kichwa polepole. Asubuhi alikuwa amesimama karibu na mlango ule kuliko mtu yeyote, na mkono uliokuwa kwenye kitasa aliuona.

"Alhamdulillahi," alisema. Wakatoka, wakateremka kwenda kuzika.