Usinisomee Uongo

"Wewe mzee! Toa mkono hapo!"

Mlinzi alinikuta nimepiga goti nyuma ya kiti cha chifu, mguu wa nyuma wa kiti uko mkononi mwangu. Sikuuvunja. Ulikuwa umelegea, ulimi wa mbao umetoka kwenye tundu lake, na mimi seremala wa miaka thelathini siwezi kuona kitu kama hicho nikapita tu. Niliusukuma urudi. Ukatoka wote.

"Umevunja mali ya taifa! Twende kwa mkuu!"

Mwenzangu alinishika shati kwa nyuma. Yeye ni mshonaji, mjane, na mimi nilishamzika mke wangu. Kila Jumamosi tulikuwa tunazunguka makumbusho ya mji mkuu, kwa sababu kuingia ni bure, na mahoteli ya wakubwa hayatuhusu sisi.

"Fundi, jieleze," alininong'oneza. "Si unajua lugha yao, ile ya vibao?"

Lugha yao siijui. Mimi niliishia darasa la nne. Vibao vyote mle ndani wameviandika kigeni: makumbusho ya wananchi, lakini mwananchi asijue anachokitazama! Siku ya kwanza aliponiuliza, "Hapa wamesema nini?" niliona aibu, nikabuni. Chungu kikawa cha malkia aliyelala chumba kimoja na chui. Alicheka mpaka akashika ukuta. Nikanogewa. Miezi mitano namsomea uongo.

Ofisi ya mkuu ilikuwa na baridi ya mashine. Mkuu mwenyewe ni kijana wa tai, hata kiti hakutukaribisha. Alisukuma karatasi iliyoandikwa kigeni.

"Saini hapo chini, mwende zenu."

Karatasi ya lugha ile ile nilisaini hospitali, marehemu mke wangu yuko kwenye machela, anapumua kwa shida. Mkubwa wa pale aliniambia hivyo hivyo, saini hapo chini. Nikajua naruhusu apasuliwe. Baada ya mazishi ndipo mtu akanisomea: nimekubali kumtoa hospitali bila kutibiwa, kwa hiari yangu. Hiari yangu! Wao wakanawa mikono, mimi nikabaki na kaburi.

"Isome kwa sauti, Fundi, na mimi nisikie."

Nikaitazama. Herufi zilikuwa kama siafu. Nikibuni hapa, natia saini kifungo. Nikisema kweli, namkosa.

"Siwezi."

"Umesahau miwani?"

"Si miwani. Lugha hii siijui. Sijawahi kuijua."

Alinigeukia.

"Na malkia na chui?"

"Nilibuni."

"Na ngoma iliyolia yenyewe vita ilipokaribia?"

"Na hiyo."

"Mungu wangu! Nimewahadithia wateja wangu wote! Mmoja wao mwalimu, kaipeleka mpaka darasani!"

Mlinzi aliangua kicheko, akakigeuza kikohozi. Mkuu hakucheka.

"Mama, ya nyumbani mtamalizia nyumbani. Asaini, au naita polisi."

Neno polisi lilinimaliza. Nikashika kalamu, bora yaishe. Mwenzangu akainyakua.

"Subiri. Uliniambia mkeo alitolewa hospitali, akafia nyumbani. Ulisaini hivi hivi?"

Niliitika kwa kichwa.

Akamgeukia mkuu. "Mwanangu, hapa pameandikwa nini, kwa lugha hii tunayoongea?"

"Ni fomu ya kawaida tu."

"Basi isome kikawaida."

"Sina muda, mama."

"Sisi tunao. Tumeingia bure." Akavuta kiti, akakaa, mkoba mapajani.

Mimi nilibaki nimesimama. Mlinzi akajikuna shingo. "Bosi, ngoja nimsomee mimi." Akaichukua kabla hajajibiwa. "'Mimi niliyesaini hapa nakiri kuvunja kwa makusudi, na nakubali kushtakiwa bila kujitetea.'"

"Makusudi?" nilitoka na sauti sijui ya nani. "Mguu ulikuwa umelegea!"

"Ni kweli, bosi," mlinzi alisema chini chini. "Niliripoti. Mara mbili, kwa maandishi."

Mkuu alimnyang'anya ile karatasi, akaifungia kwenye droo.

"Ondokeni."

Kwenye ngazi za nje nilimpa mkono. Hakuupokea.

"Miezi mitano, Fundi. Unanitazama usoni, unasoma kisichokuwepo. Siku ukiniambia unanipenda, nitajuaje?"

Akashuka ngazi, hakugeuka.

Siku tisa simu zangu hakuzipokea. Niliogopa kuliko nilivyoogopa polisi. Nilikata mbao kwa vipimo vya ovyo, nikaharibu kitanda cha watu. Siku ya kumi nikaandika ujumbe, kidole kimoja kimoja: "Kigeni sijui. Kupika sijui. Kukaa peke yangu nimeshindwa. Nisamehe."

Jibu lilichelewa mpaka nikaizima simu na kuiwasha tena, nikidhani imeharibika. Kisha: "Na kudanganya pia hujui, chui gani analala na mtu? Njoo Jumamosi. Ukiwa hujui kitu, sema hujui."

Miezi mitatu baadaye tulikuwa ofisi ya ndoa, yeye na gauni alilolishona mwenyewe. Msajili akanisukumia fomu. Nikaitazama: kigeni kitupu.

"Saini hapo chini, bwana harusi."

Nikaiona tena ile machela ya hospitali. Nyuma yetu wanasubiri maharusi wanne na ndugu zao, wote macho kwangu. Nikamtazama bibi harusi, naye akanitazama.

"Sijui imeandikwa nini," nilisema, ukumbi mzima ukasikia. "Naomba unisomee."

"Nikusomee yote? Mzee, ni kurasa tatu, na watu wako foleni!"

"Anza na ya kwanza," alisema mke wangu, akavuta kiti.