Injini Ilipozimika Mbele ya Mwamba

Injini ilizimika walipokuwa wameiacha ghuba ya Obhur mbali, na minara ya Jeddah imebaki kama vijiti kwenye vumbi la pwani. Kwanza kililia king'ora, ikafuata harufu ya mpira unaoungua, kisha kimya. Boti ile ndefu, nyembamba, ikaupa upepo ubavu na kuanza kuyumba.

Jerusha, muuguzi Mkenya aliyekuja kutoka Riyadh kumtembelea rafiki yake, ndiye aliyeinuka kwanza. Hakuwahi kuona injini ya boti, akataka kujua hii inaumwa nini. Rafiki yake Ruqayya, Mzanzibari aliyekuwa mwalimu hapo Jeddah, alibaki ameng'ang'ania benchi, akisoma dua kwa sauti ya chini.

Nahodha wao, mzee wa Kihijazi aliyeitwa Abu Faris, alifunua sanduku la injini na kwa haraka yake akafungua kizibo cha maji ya kupozea kabla hayajapoa. Mvuke ukamfokea. Alirudi nyuma ameushika mkono wa kulia, ngozi tayari imeanza kubabuka.

Jerusha alimketisha, akachukua chupa za maji baridi na kummiminia mkononi, taratibu, bila kukatiza.

"Hayo ndiyo maji yetu ya kunywa," Ruqayya alisema.

"Najua, dada. Nitabakisha chupa mbili. Muulize upepo unatupeleka wapi."

Ruqayya aliuliza kwa Kiarabu. Mzee akaelekeza kidevu kusini, ambako mstari mweupe ulikuwa unakatika na kuungana tena juu ya maji. Ulikuwa mwamba wa matumbawe. Simu hazikuwa na mtandao, na redio ilikwaruza tu. Nanga ipo, mzee alieleza, ila hapa kamba yake haifiki chini. Ukingoni mwa mwamba kuna kibaraza cha mchanga. Nanga ikitupwa mapema, itaning'inia. Ikichelewa, mawimbi yatawabwaga juu ya matumbawe.

Jerusha alichukua miwani ya kupigia mbizi, akalala kifudifudi kwenye omo, mbele kabisa ya boti, akaingiza uso majini. Kwa kuwa mkono wa mzee haukufaa kitu, Ruqayya ilimbidi aliachie benchi na kuishika nanga.

Chini kulikuwa na buluu isiyo na mwisho, na miali ya jua ikizama ndani yake mpaka ikapotea. Samaki wembamba walipita kama sindano. Kisha ukuta ukaibuka gizani, wa zambarau, wenye mashimo na matawi, na Jerusha akajikuta anataka kujua nini kinaishi katika kila shimo, ilhali masikioni ngurumo ya mawimbi inazidi. Hatimaye akaona weupe wa mchanga.

"Sasa!"

Ruqayya alitupa. Kamba ilikimbia, ikakaza, na boti ikageuka kwa mshtuko. Nyuma yao wimbi lilipasuka, povu likawalowesha mgongoni. Nanga ilishika.

Abu Faris akaanza kuelekeza kwa mkono wa kushoto. Jerusha alilifuata bomba la maji la injini kwa kidole, akiuliza kwenye kila kona maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi, Ruqayya akitafsiri, mpaka wakalifikia chujio la maji ya bahari. Mfuko wa plastiki ulikuwa umejisokota humo. Waliutoa vipande vipande. Lakini injini ilikuwa imemwaga maji yake ya kupozea, na maji matamu yaliyobaki ni zile chupa mbili.

Midomo yao ilikuwa imekauka. Ruqayya alizitazama, kisha akazimimina mwenyewe ndani ya injini.

Injini ilikataa, ikakataa tena, halafu ikashika.

Walirudi polepole, ndimi zimeganda kwa kiu. Gatini walikunywa kutoka kwenye mpira wa kuoshea boti, wakipokezana. Wakampeleka mzee zahanati, na njia nzima Ruqayya ndiye aliyemuuliza maswali: mchanga ule umefikaje pale, na je, watu hulala huko baharini?

Kesho yake ndege ya Jerusha ilipaa juu ya bahari kabla ya kugeukia Riyadh. Alibandika paji la uso dirishani. Chini aliuona mwamba, uzi wa kijani, na pale buluu inapoanza palikuwa na ukanda mweupe usiozidi upana wa ukucha. Aliutazama mpaka bawa likauficha, kisha akamwomba abiria wa dirisha la upande wa pili wabadilishane viti.