Vidoa Vyeupe kwenye Tangi la Athuman

Rabia alikuwa na kazi tatu kabla jua halijachomoza Kasulu. Aliswali. Alichemsha uji wa mumewe. Kisha aliondoa samaki waliokufa.

Kazi hiyo ya tatu ilianza mwezi wa sita.

Mumewe, Athuman, alipigwa na kiharusi mwaka uliopita. Alianguka dukani kwake, mnyororo wa baiskeli mkononi. Upande wa kulia wa mwili wake ulipooza, na maneno yakaenda pamoja nao. Tangu siku hiyo alilala sebuleni, kitanda chake kikielekea tangi la kioo la lita mia moja. Ndani yake waliogelea samaki wadogo wa rangi kutoka Ziwa Tanganyika. Athuman alikuwa amewafuga kwa miaka sita, na hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuwagusa.

Muuguzi aliyemruhusu kutoka hospitali hakuficha neno.

"Mama, mtu kama huyu akikosa cha kutazama, hugeukia ukuta," alimwambia Rabia. "Nimewaona wengi waliogeukia ukuta. Hawakai sana."

Rabia hakuyasahau maneno hayo. Aliwalisha samaki kila siku, akiwahesabu: samaki tisa asubuhi, samaki tisa jioni. Hita ya tangi iliungua mwezi wa tano. Hakujua ilikuwa na kazi gani, akaichomoa na kuiweka kabatini.

Mwezi wa sita binti yao Faudhia, aliyeolewa Ujiji, alituma zawadi. Alinunua samaki watatu wa bluu, akawatia kwenye mfuko wa plastiki wenye maji na hewa, akawapakia kwenye basi. Rabia aliwapokea stendi. Alifika nyumbani, akakata mfuko, akawamimina tangini pamoja na maji yao.

Athuman aliupiga ubao wa kitanda kwa mkono wa kushoto. Pa! Pa! Pa!

"Umefurahi, Baba Faudhia," alisema Rabia. "Mwanao anakukumbuka."

Athuman alipiga tena, kwa nguvu zaidi. Jasho lilimtoka. Rabia akamfuta uso.

Siku ya sita, samaki mmoja wa bluu alikuwa na vidoa vyeupe, kama aliyenyunyiziwa sembe. Alikuwa akijisugua kwenye mawe. Siku ya nane vidoa vilikuwa kwa wenzake pia. Siku ya kumi, alfajiri, wawili walielea juu, matumbo yakitazama dari.

Rabia alilelewa katika nyumba ambamo mgonjwa hapelekewi habari ya kifo. Msiba ukitokea, watu hulia uani, hunawa uso, kisha huingia kwa mgonjwa wakitabasamu. Ndivyo alivyofanya. Aliwafukia wale wawili nyuma ya choo, akampigia simu binti yake.

"Nitumie wengine wawili. Rangi ileile, ukubwa uleule."

"Mama, si umwambie tu kwamba wamekufa?"

"Nimwambie nani? Unataka baba yako ageukie ukuta?"

Wawili wakaja kwa basi. Rabia akawatia tangini Athuman akiwa amelala. Alipoamka alitazama maji kwa muda mrefu, kisha akaupiga ubao. Rabia akafikiri ni maumivu, akampa kidonge cha kutuliza.

Baada ya wiki moja wakafa watatu.

Asubuhi hiyo jirani yake Ernesta alimkuta akichimba nyuma ya choo. Ernesta alikuwa Mha wa hapohapo Kasulu, mhudumu wa afya wa mtaa.

"Mwakeye, Mama Faudhia," alimsalimu kwa Kiha. "Unapanda nini saa hizi, karanga?"

"Nazika."

Ernesta aliona samaki kwenye bakuli. "Mawe!" alimaka kwa Kiha. "Watatu? Na mzee anajua?"

"Hajui, na hatajua. Nahitaji dawa."

"Mimi dawa ya samaki siijui," alisema Ernesta. "Lakini ugonjwa huu uko kwenye maji, sivyo? Basi safisha maji. Vidonge vya klorini nilivyogawa kipindi cha kipindupindu bado unavyo?"

Rabia alikuwa navyo. Hakuna nyumba katika mtaa huo ambayo haikuvijua. Kidonge kimoja kwa ndoo ya lita ishirini, subiri nusu saa, kunywa. Watu walikuwa wamepona kwa vidonge hivyo. Rabia alipiga hesabu bila kukosea: lita mia moja, vidonge vitano. Aliitoa sifongo ya kuchujia maji, akaifua kwa sabuni mpaka ikawa nyeupe. Kisha akavitia vidonge tangini. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Athuman alikuwa macho. Aliupiga ubao. Alipiga mpaka ngozi ya vidole ikachubuka.

"Tulia, Baba Faudhia. Ni dawa."

Baada ya robo saa samaki walipanda juu wakitweta. Wengine walikimbia na kujigonga kwenye kioo. Kufikia saa tano, watano walikuwa wamekufa. Safari hii hakukuwa na alfajiri ya kuwafichia. Walielea mbele ya macho ya Athuman, na Rabia alisimama kando ya tangi akiwa na kijiko mkononi.

Athuman alifumba macho. Kisha, polepole, akageuza kichwa kuelekea ukutani.

Rabia alitoka mbio uani. "Ernesta! Ernesta we!"

Ernesta hakupoteza muda. Alikwenda nyumba za watumishi wa serikali, akarudi na Careen, afisa uvuvi. Careen alitokea Ukerewe. Kazi yake ilikuwa mabwawa ya perege vijijini, na kikundi cha ufugaji cha Ernesta kilikuwa kimejifunza kwake. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Umetia nini?" aliuliza, mkono tayari tangini.

"Vidonge vya maji. Vitano."

"Mimi ndiye niliyemshauri," alisema Ernesta. "Nisifiche."

"Nileteeni maji ambayo hayana klorini. Yapo?"

"Ya mtungi, ya kisimani. Sijayatibu bado."

Careen aliwahamisha samaki wanne waliobaki kwenye ndoo ya maji hayo, akaiwekea pampu ya hewa. Kisha alitumbukiza kipimajoto.

"Nyuzi kumi na tisa," alisema. "Hawa ni samaki wa ziwani. Kule maji ni nyuzi ishirini na tano. Huku ni milimani, na huu ni mwezi wa saba. Hita iko wapi?"

"Iliungua. Niliona ni pambo."

"Samaki akipata baridi, kinga ya mwili wake hushuka. Hapo ndipo ugonjwa hupata nafasi. Nani alileta wageni?"

"Wageni gani?"

"Samaki wapya. Vidoa hivi haviji vyenyewe."

Rabia alitazama kitandani. Alishusha sauti. "Twende uani tuzungumze. Mgonjwa asisikie."

Careen hakusogea. Alikuwa akitazama vidole vya Athuman vilivyochubuka.

"Mzee alifuga samaki hawa yeye mwenyewe?"

"Miaka sita. Hakuna aliyewagusa."

"Na walikuwa wanakufa hivi?"

"Hata kidogo," alinong'ona Rabia. Akaeleza habari za samaki wa basi, wale aliowabadilisha kwa siri, na sifongo aliyoifua.

Careen alizunguka kitanda, akachuchumaa kwenye upenyo kati ya kitanda na ukuta, mahali ambapo Athuman angemwona.

"Shikamoo, mzee. Naitwa Careen, afisa uvuvi. Nitakuuliza. Ndiyo, piga mara moja. Hapana, piga mara mbili. Samaki wageni ulikuwa unawatenga kwanza?"

Athuman alifumbua macho. Kisha pa. Mara moja.

"Kwenye chombo chao peke yao?"

Pa.

"Mke wako alipowatia moja kwa moja tangini, ulikuwa unamkataza?"

Pa.

Rabia aliketi sakafuni.

"Ulijua kwamba wengine walikufa, wakabadilishwa?"

Pa.

"Mficha maradhi, kilio humfichua," alisema Ernesta kwa sauti ndogo. "Mama Faudhia, mtu mwenye kujua alikuwa humu ndani. Sisi tukaenda kutafuta dawa nje."

Rabia alimgeukia Careen. Machozi yalimshuka, lakini alisema jambo moja tu: "Dada, nifundishe. Sema hapahapa, naye asikie."

Careen alivuta kigoda.

"Ugonjwa huu unaletwa na kimelea, kidudu kidogo mno. Kidoa unachokiona ni kidudu kikiwa ndani ya ngozi. Humo hakuna dawa ya kukifikia. Kikikomaa, hudondoka chini kwenye mchanga, hugawanyika, na hutoa watoto mamia. Watoto hao huogelea kutafuta samaki. Hapo wanapoogelea ndipo tunapowaua."

"Kwa klorini?"

"Hapana. Klorini kwa kipimo chako ni maji salama kwa mtu. Kwa samaki ni sumu. Inaunguza matamvua, yaani mahali anapopumulia. Na ile sifongo uliyoifua, ilikuwa na bakteria wanaokula uchafu wa samaki. Nao umewaua. Siku nyingine isuuze tu ndani ya maji yaliyotoka tangini. Usitie sabuni."

"Kwa hiyo kidudu kinauawa na nini?"

"Chumvi na joto. Chumvi ya jikoni, gramu mbili kwa kila lita. Tangi lako lahitaji gramu mia mbili. Iyeyushe kwanza, na itie kwa mafungu matatu ndani ya siku moja na nusu. Nunua hita mpya, upandishe joto kidogokidogo, nyuzi mbili kwa siku, mpaka ishirini na nane. Maji ya moto yana hewa kidogo, kwa hiyo pampu isizimwe. Kila siku punguza robo ya maji, uongeze mengine ya joto lilelile. Ya bomba yakae kwanza kwenye ndoo wazi siku nzima, ili klorini iishe. Na unarudisha chumvi ya kiasi cha maji uliyoyatoa tu."

"Mpaka vidoa viishe?"

"Hapo ndipo wengi hukosea. Vikiisha mwilini, vidudu vingine bado viko mchangani. Endelea siku kumi zaidi."

"Watapona?"

"Wanne hawa wameungua. Siwezi kukuahidi," alisema Careen.

Walimwaga maji ya zamani shimoni, mbali na kijito, wakajaza ya kisimani, wakatia hita mpya na kuanza upya. Siku ya pili mmoja akafa. Rabia aliingia sebuleni na bakuli mikononi. Akaenda mpaka kitandani.

"Baba Faudhia, amekufa mmoja. Yule wa manjano mkubwa. Wamebaki watatu."

Athuman alilitazama bakuli. Lakini hakugeukia ukuta. Alielekeza kidole kwenye kipimajoto, na Rabia akamsomea: "Ishirini na tatu." Pa.

Tangu hapo walifanya kazi wawili. Rabia alipima, Athuman alikubali au alikataa. Siku ya tisa vidoa viliisha. Rabia alitaka kupumzika. Athuman akapiga mara mbili. Wakaendelea mpaka siku ya kumi na tisa. Wale watatu walikuwa wakila na kufukuzana.

Mwezi wa tisa Faudhia alituma samaki wawili. Rabia aliwaweka jikoni kwenye beseni kubwa, na pampu yao, hita yao na wavu wao. Wavu wa jikoni haukuingia sebuleni. Kila alipowahudumia alinawa kwa sabuni na kusuuza vizuri. Wangekaa humo wiki nne. Siku ya saba mmoja alitokwa na vidoa. Rabia akatia chumvi siku hiyohiyo. Siku ya kumi na moja yule mwenye vidoa akafa.

Alikwenda sebuleni mikono mitupu, asipeleke ugonjwa huko.

"Mmoja wa jikoni amekufa," alisema. "Vidoa. Tungekuwa tumemtia humu, tungewazika wote."

Athuman alitazama tangi. Akainua vidole vitatu.

"Ndiyo, watatu, wazima."

Akainua kidole kimoja, akakielekeza jikoni.

"Huyo aliyebaki anakula. Ana kidoa kimoja pezini. Hesabu ya wiki nne itaanza upya kidoa kitakapoondoka." Rabia alisogeza mto ili mumewe aone vizuri. "Nikikosea, piga ubao. Safari hii nitakusikia."