Nirudishieni Uziwi Wangu

Bujiku aliinua mkono kuonyesha amesikia mlio, na Limi alikuwa bado hajawasha mashine.

Limi hakumgombeza. Alikuwa hoi, miguu imemvimba. Tangu asubuhi alikuwa akiwapima wachimbaji wa Geita walioletwa hapo hospitalini Shinyanga kwa ajili ya utafiti wa Daktari Theonest, wa kuziba ngoma ya sikio iliyotoboka kwa kipande cha gegedu la mgonjwa mwenyewe. Milipuko ya baruti iliwatoboa, daktari akawaziba. Kazi ya Limi ilikuwa kuwafungia kwenye chumba kisichopitisha sauti, kuwavisha hedifoni na kupima kama usikivu umerudi. Wa Bujiku ulirudi vizuri kuliko wa wote, na mwenyewe hakuwa na raha.

Limi alipofungua mlango, chumba kilinuka udongo mbichi.

"Sista," Bujiku alisema taratibu, "nirudishieni uziwi wangu."

Akamweleza kwamba shimoni watu hawaitani majina; mwenye shida hutikisa kamba. Kule chini kuna jini linaloita kwa sauti za watu wako, na ukiitika umekwisha. Mwenzake Masudi aliitika, akaifuata sauti mpaka kifusi kikamfunika. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini siku ile asiyesikia ndiye aliyepona. Sasa lilikuwa likimwita Bujiku mchana kutwa, na taya zilimuuma kwa kufumba mdomo.

"Likipata wa kuitika litaniacha," alinong'ona. "Ila mimi simtakii mtu. Mwambie daktari anitoboe tena."

Limi alimwonea huruma, lakini mtu aliyechoka huruma yake haifiki mbali. Alimjibu kwamba mashine ndiyo mbovu, akamwomba angoje nje, akajifungia kuikagua, akavaa zile hedifoni na kuegemeza kichwa ukutani, na katika ukimya ule akasikia kamba ikisuguana na mwamba, kisha pumzi ya mtu anayepanda polepole kutoka chini sana, ikikaribia, ikisita, ikikaribia tena, mpaka harufu ya udongo ikamjaa kooni, na sauti ya mama yake, aliyemwacha Nkome akianika dagaa, ikamwita kwa upole, "Limi, ng'wanawane, mwanangu."

Limi alilelewa vizuri. Tangu utotoni hakuwahi kuitwa na mama yake akanyamaza.

"Abee, mama."

Nje, Bujiku alishika sikio lake, akaanza kulia kwa nafuu. Kisha akamwona Limi kupitia kioo cha mlango, na nafuu yote ikamtoka.

Daktari Theonest alifurahi mno alipokuja. Bujiku alipimwa upya, akainua mkono pale tu mashine ilipolia, na daktari akasema utafiti umefanikiwa. Akageuka kumpongeza Limi.

Limi alikuwa ameinama, anavua viatu. Aliuliza kwa sauti ya kuchoka basi la Geita linaondokea wapi, maana mama anamngoja chini shimoni.